Mashua ya Karatasi

Ndugu msikilizaji, Jumamosi iliyopita asubuhi nilishuka Feri, Dar es Salaam, kutafuta changu wa kitoweo. Bei zilikuwa zimepanda, nikawa nazungukazunguka nikingoja zishuke. Kijana mmoja mvuvi, ambaye hunifahamu kwa sauti kuliko kwa sura, akanivuta pembeni. "Shikamoo mzee. Naomba unitazamie kitu hapa." Akatoa simu yake mfukoni.

Ndani ya simu mlikuwa na ramani ya mashua ndogo ya kuvulia, urefu wake futi 14, ya kuundwa kwa plaiwudi. Ilikuwa imechorwa vizuri, kila kipande na vipimo vyake. Kijana alikuwa amekwisha piga hesabu ya mbao, ya gundi na ya rangi. Lilikuwa limebaki jambo moja tu. "Mzee," akaniuliza, "hii itaelea?"

Nilimjibu upesi kuliko nilivyopaswa. Nilimwambia, "Ramani haielei, mwanangu. Kinachoelea ni mashua." Wenzake wakacheka, naye akacheka. Lakini nilipofika nyumbani na changu wangu niliona haya. Kijana aliuliza swali la haki, nami nilimpa kijembe badala ya jibu. Isitoshe, swali hilo hilo niliwahi kulijibu vibaya miaka mingi iliyopita, na jibu langu lilikaribia kumzamisha mjomba wangu. Basi mazungumzo ya leo ni jibu la kijana yule, na la kila mtu aliyepata kushika ramani mkononi akadhani ameshika chombo.

Mwaka 1987 nilikuwa karani mjini Tanga. Mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mama yangu, alikuwa mvuvi Pangani. Ngalawa yake ilikuwa imekula chumvi miaka mingi, hata ikawa inaingiza maji kupitia kwenye viraka vyenyewe. Kupata nyingine ilikuwa kazi. Ngalawa huchongwa katika gogo zima, mara nyingi la mwembe, na mwembe wa kutosha chombo si kitu cha kuokota njiani. Mjomba alizunguka mashamba miezi miwili. Akaniambia, "Mpwa wangu, miembe mikubwa iliyobaki yote ina wenyewe, na wenyewe wanataka embe zao."

Mimi nikajiona nina dawa. Mwalimu mmoja wa ufundi alikuwa amenipa nakala ya ramani ya mashua ya plaiwudi, kurasa tisa pamoja na maelezo. Niliisoma usiku mara tatu, nikaona hakuna kinachonishinda. Nikachukua akiba yangu, nikaenda kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi, nikanunua mbao sita za plaiwudi, kila moja futi 8 kwa futi 4. Muuzaji aliniapia kwamba ni plaiwudi ya baharini. Nikazipakia kwenye lori hadi Pangani, na mimi mwenyewe nimeketi juu yake kama bwana harusi.

Siku tuliyoanza kazi ufukweni alikuja mzee mmoja, fundi wa vyombo, mzaliwa wa Faza katika visiwa vya Lamu, aliyelowea Pangani tangu ujana wake. Wakati ule alikuwa ametimiza miaka themanini. Tulimwamkia, akaitikia, akaketi juu ya gogo akitutazama. Nikamfunulia ramani yangu kwa majivuno. Akaigeuza juu chini, chini juu.

"Mwanangu, karatasi hii inaijua bahari ya wapi?"

Nikamwambia imechorwa na wataalamu.

"Sikuuliza nani kaichora," akasema. "Nimeuliza bahari."

Kisha akaona namna tulivyokuwa tukiunganisha mbao. Tulikuwa tumetoboa matundu kandokando ya kila ubao, tunapitisha vipande vya waya wa shaba, tunavikaza kwa koleo, na ubao mmoja unaukumbatia mwenzake. Mzee akasimama. Akapitisha kidole kwenye mshono kuanzia omo hadi tezi. "Hii ni kazi ya mtepe," akasema polepole. "Nani kawafundisha Wazungu kushona?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nimelitafuta kwa miaka, kidogo kidogo, na nililolipata ndilo nitakalokusimulia.

Tuanze na ubao wenyewe. Plaiwudi ni gogo lililomenywa kama chungwa. Gogo huzungushwa mbele ya kisu kirefu, likatoka utepe mwembamba wa mti, na tepe hizo hukatwa, hulazwa moja juu ya nyingine na kugandishwa kwa gundi. Siri yake ni kwamba nyuzi za tabaka moja huikata njia ya nyuzi za tabaka la pili. Ubao wa kawaida hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Plaiwudi haina njia moja ya kupasukia, kwa hiyo ubao mwembamba unaweza kufanya kazi ya ubao mnene.

Wazo hili si jipya. Huko Saqqara nchini Misri, katika eneo la piramidi ya ngazi iliyojengwa yapata miaka 4,600 iliyopita, lilikutwa jeneza ambalo ubao wake una matabaka sita. Lakini plaiwudi ya biashara kama tuijuavyo ilijulikana sana Marekani katika maonyesho ya mwaka 1905 mjini Portland, jimbo la Oregon, pale kiwanda kimoja cha mji huo kilipoonyesha mbao za tabaka tatu. Watu wa milango na makabati wakazipenda. Watu wa mashua hawakuzitaka, na walikuwa na sababu. Gundi ya siku zile ilitokana na wanyama, na baadaye na damu au maharage ya soya. Ikilowa maji, matabaka huachana kama kurasa za kitabu kilichoanguka kisimani.

Mambo yalibadilika mwaka 1934. Mkemia mmoja aitwaye James Nevin, wa kampuni ya Harbor Plywood katika mji wa Aberdeen, jimbo la Washington, alipata gundi isiyoshindwa na maji. Kuanzia hapo plaiwudi ikaweza kushuka baharini. Miaka michache baadaye vikaja Vita Kuu vya Pili, na vita havina subira ya kungoja mti ukue. Katika mji wa New Orleans, mtu mmoja aitwaye Andrew Higgins, ambaye kabla ya vita alikuwa akiunda boti za kupita kwenye vinamasi vya Louisiana, aliunda boti za kuwateremsha askari ufukweni. Boti hizo, zenye urefu wa futi 36 na mlango wa chuma mbele, sehemu kubwa ya mwili wake ilikuwa plaiwudi. Ziliundwa zaidi ya 20,000. Ndizo zilizowafikisha askari katika fukwe za Normandy tarehe 6 Juni, 1944. Jenerali Eisenhower, aliyeongoza majeshi yale, alikuja kusema baadaye kwamba Higgins ndiye mtu aliyewashindia vita.

Nakuomba ukumbuke jambo moja kuhusu boti ile, kwa sababu tutalirudia. Higgins hakuitoa kichwani mwake akiwa ofisini. Umbo lake lilitokana na kinamasi. Wateja wake wa kwanza walitaka boti ya kupita kwenye maji mafupi, ya kupanda juu ya matope na magogo, na ya kurudi nyuma bila kukwama. Jeshi lilipohitaji boti ya kupanda mchangani na kurudi, kinamasi kilikuwa kimekwisha kufanya kazi ya ualimu.

Vita vilipokwisha, plaiwudi na gundi nzuri vikabaki, na watu wa kawaida wakaanza kuota mashua. Magazeti ya ufundi ya Marekani na Uingereza yakachapisha ramani. Lakini kikwazo kilikuwa kile kile cha siku zote. Kuunda mashua kwa njia ya zamani kunataka mkuku, kunataka mataruma, na kunataka fundi mwenye jicho. Karani wa benki hana jicho hilo. Katika miaka ya 1950 mwalimu mmoja Mwingereza, Ken Littledyke, aliyekuwa akiunda mitumbwi myembamba ya michezo, alipata njia ya mkato. Aliikata plaiwudi kwa vipimo, akaitoboa pembezoni, akaishona, kisha akapaka utomvu wa kiwandani na utepe wa nyuzi za kioo juu ya mshono. Utomvu ulipokauka, mbao zikawa kitu kimoja. Mataruma hayakuhitajika tena kushikilia umbo, kwa sababu umbo lilitoka katika namna mbao zilivyokatwa.

Na hapa, ndugu zangu wa magazeti, kuna habari inayotuhusu. Njia hiyo ilifikishwa kwa watu na gazeti. Daily Mirror la London, gazeti la wafanyakazi, lilitaka mashua ambayo msomaji wake angeweza kuiunda mwenyewe nyumbani. Mtangazaji wa televisheni aliyekuwa akifundisha ufundi wa nyumbani, Barry Bucknell, na mchoraji wa mashua Jack Holt, wakaichora. Ilitolewa mwaka 1963, urefu wake futi 10 na inchi 10, matanga yake mekundu, bei yake pauni 63 na shilingi 11. Mnunuzi aliletewa vipande vilivyokwisha katwa, pamoja na waya wa shaba wa kushonea. Zimeundwa zaidi ya 70,000. Watu ambao baba zao hawakuwahi kugusa kamba ya tanga walijiundia mashua katika gereji, sebuleni, na wengine wakalazimika kung'oa madirisha ili kuitoa nje.

Basi je, nani aliwafundisha kushona? Kushona vyombo hakukuwa mali ya taifa moja. Waomani walishona. Watu wa Kerala, pwani ya kusini-magharibi ya India, walishona. Nasi tulishona. Mwandishi wa mwongozo wa Kiyunani wa biashara wa bahari yetu, takriban miaka 1,900 iliyopita, aliutaja mji wa Rhapta katika pwani hii na kueleza kwamba umepata jina hilo kutokana na vyombo vyake vilivyoshonwa. Mtepe wa visiwa vya Lamu, uliokuwa ukibeba boriti na bidhaa nyingine kwa tanga la mkeka, haukuwa na msumari hata mmoja katika mbao zake. Ulishonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi. Katika karne ya 20 ukatoweka baharini, na nakala yake ikaja kuundwa Zanzibar na kuwekwa katika jumba la Beit al-Ajaib. Mzee wetu wa Faza alikuwa ameiona mitepe ya mwisho kwa macho yake akiwa mtoto. Ndiyo maana kidole chake kiliutambua mshono kabla mdomo wake haujasema.

Lakini mishono hii miwili haifanani, na tofauti yake ndiyo iliyotaka kumuua mjomba. Mshono wa mtepe ulikuwa ndio nguvu ya chombo. Ulibaki maisha yote, ulinyooka na kujikunja pamoja na wimbi, na kamba ikichakaa hushonwa upya. Mshono wa plaiwudi ni kama ule wa fundi cherehani anaposhikiza nguo kwa uzi wa muda kabla ya kuipiga mashine. Waya hukatwa baadaye, na kinachobaki kushika chombo ni gundi: gundi ya nje unayoipaka wewe, na gundi ya ndani iliyopakwa kiwandani. Hiyo ya ndani huioni. Unaichukua kwa neno la muuzaji.

Tuliishua mashua yetu mwezi wa Novemba, kaskazi ikianza. Ilikuwa nyepesi, watu wawili waliweza kuibeba, na watoto wa Pangani wakaiita mashua ya karatasi. Mjomba aliipenda. Miezi saba ilivua vizuri. Kisha kusi ikasimama. Asubuhi moja ya Juni mwaka 1988 mjomba na vijana wawili walikuwa nje ya mwamba pale ubao wa chini ulipovimba na kuanza kuachana tabaka kwa tabaka. Hawakugonga kitu. Plaiwudi ilikuwa ya ndani ya nyumba, ya kutengenezea makabati, na chumvi ilikuwa imeila kimya kimya. Mjomba akateremsha tanga, akalipitisha chini ya tumbo la mashua, akalifunga kwa juu kama mtoto anayefungwa nepi, na vijana wakafua maji kwa saa nne bila kupumzika. Walifika. Mmoja wa vijana wale hakurudi tena baharini, akawa dereva.

Mimi nilifika Pangani siku ya pili. Nilitarajia matusi. Mjomba alinipa chai, akaniambia, "Karatasi ilitudanganya, mpwa wangu, lakini sisi ndio tuliokubali kudanganywa." Maneno hayo yaliniuma kuliko tusi.

Ndugu msikilizaji, tuiache mashua ile mchangani kidogo, tuvuke bahari hadi India, maana huko watu walijifunza somo hili kwa upana kuliko mimi. Nimewataja watu wa Kerala na ushonaji wao. Mwaka 1953 ulianza huko mradi mkubwa wa ushirikiano na Norway wa kuinua uvuvi. Nia ilikuwa njema. Wataalamu walileta boti za injini, wakidhani mvuvi mdogo atapanda kutoka mtumbwi kwenda boti. Lakini kamba wakapata soko la nje, boti zikageuka kuwa trola za kukokota nyavu chini ya bahari, na wenye fedha ndio walioweza kuzinunua, wengi wao wakiwa hawajawahi kuvua. Mvuvi mdogo akajikuta anagombea samaki na boti zilizoletwa kwa jina lake. Ugomvi huo ulisababisha mapigano na migomo, hata mwaka 1988 serikali ya Kerala ikapiga marufuku trola wakati wa mvua za masika. Ramani zilikuwa sahihi na boti zilielea. Lakini aliyechorewa ramani hakuwa ndiye aliyepanda.

Katika miaka ya 1980, kusini zaidi, katika kijiji cha Muttom, wilaya ya Kanyakumari, ambako ndiko ncha ya India, watu walijaribu njia nyingine. Wavuvi wa huko walitumia kattumaram, magogo mepesi yaliyofungwa kwa kamba, maana katika Kitamil jina lenyewe ni kufunga na mti. Magogo yale yalikuwa yakiadimika na kupanda bei, kama miembe ya Pangani. Mbelgiji mmoja, Pierre Gillet, akaanza kuunda vyombo vya plaiwudi pamoja na wavuvi na mafundi wa pale. Wataalamu wa Uingereza nao walisaidia, kutoka shirika lililoanzishwa na E. F. Schumacher, yule mwandishi wa kitabu cha mwaka 1973 kilichosifu vitu vidogo. Njia waliyoitumia ni ile ile ya kushona na kugandisha.

Unadhani walifaulu kwa siku moja? Mvuvi wa kattumaram huvuka mawimbi yanayovunjikia ufukweni. Chombo chake hakizami, maana ni magogo, na maji yakimwagika juu hupita katikati. Ukimpa mashua yenye tumbo wazi, wimbi la kwanza linaijaza. Kwa hiyo ramani zilizotoka nje zilibidi zichorwe upya. Chombo kikafungwa juu kiweze kumwaga maji, tumbo likaongezwa nguvu kwa ajili ya kuburutwa mchangani, na baadaye nyuma ikakatwa wima ili kubeba injini ya kuning'inia. Mwaka 1985 Gillet akatoa kitabu kuhusu mapito hayo. Schumacher alikuwa amesema udogo ni uzuri. Gillet akakipa kitabu chake jina ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema udogo ni kazi. Naliona jina hilo kuwa la mtu mkweli.

Jambo lililonivutia zaidi ni nani alikuja kuyamiliki mambo haya. Karakana ziliingia mikononi mwa shirikisho la vyama vya wavuvi wenyewe, lijulikanalo kwa kifupi kama SIFFS. Mvuvi aliyeona kasoro baharini alimkuta fundi ufukweni, wakasemezana kwa lugha moja, na mashua iliyofuata ikawa imerekebishwa. Plaiwudi haikai miaka mingi kama gogo, hilo walilijua na walilikubali. Lakini zilienea pwani ile kwa sababu zilikuwa zao.

Na kinyume chake pia kilionekana. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba, 2004, misaada ilimiminika katika pwani hiyo hiyo, na boti nyingi za faibaglasi ziligawiwa kwa haraka. Nyingine zilikuwa nzuri. Nyingine ziliundwa ovyo na watu waliotaka idadi tu, zikawapa wavuvi shida badala ya nafuu. Huruma ilikuwa kubwa, lakini huruma haipimi unene wa ubao.

Sisi hatukukosa ramani. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilianza katika miaka ya 1970 kuchapisha vitabu vya ramani za mashua ndogo za uvuvi kwa ajili ya nchi kama zetu, za tumbo bapa na za tumbo la kabari, za mbao na za plaiwudi. Nyingi zilichorwa na Mnorwei Øyvind Gulbrandsen, mtu aliyefanya kazi katika fukwe nyingi za dunia. Ni vitabu vizuri, na kitu kinachonifurahisha ndani yake ni kwamba vinaeleza mbao zipi zichaguliwe na makosa yapi yaepukwe. Mchoraji mwenye adabu hujua kwamba mkono utakaoikata mbao si wake.

Sasa turudi Pangani. Baada ya ile aibu nilimwendea mzee wa Faza. Shikamoo nyingi. Nilidhani ataniambia niachane na plaiwudi. Hakusema hivyo. Aliniomba ramani ile ile, akaniomba na kalamu. Akaniambia, "Wewe shika karatasi, mimi nitashika bahari."

Alianza na ubao. Safari hii kabla ya kununua tuliomba kipande kutoka kila aina, tukakichemsha katika sufuria kutwa nzima kama maharage, tukakianika, tukakichemsha tena. Aina mbili ziliachana. Moja ilikaa, hata kisu hakikuweza kuibandua. Tukanunua hiyo, na ilikuwa ghali. Kila ukingo uliokatwa tuliunywesha gundi mara mbili, kwa sababu plaiwudi hunywa maji kwa pembeni, kama utambi. Pale ambapo ubao mmoja haukutosha urefu, alitufanya tuzichonge ncha zote mbili mshazari, urefu wa mshazari mara nane ya unene wa ubao, tukazilaza moja juu ya nyingine na gundi katikati.

Kisha akaigusa ramani. Omo aliuinua kwa upana wa viganja viwili, kwa sababu ya mawimbi ya mdomo wa mto Pangani wakati maji yanatoka na kusi inaingia. Chini aliweka mbao mbili za mti mgumu kutoka mbele hadi nyuma, chombo kisugue kwazo juu ya matumbawe badala ya kusugua kwa tumbo. Mkuku akauongeza kina, ili mashua isiteleze kando kama sahani. Na ndani, mbele na nyuma, aliacha vyumba viwili vilivyofungwa, visivyoingia maji. Hivyo vilikuwemo katika ramani tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeviacha mara ya kwanza ili kupunguza gharama.

Hapo ndipo nilipoona aibu yangu yote. Kwa miezi mingi nilikuwa nimeilaumu karatasi na muuzaji. Kumbe karatasi ilikuwa imeniambia mambo mawili ya kuokoa roho, aina ya plaiwudi na vyumba vya hewa. La kwanza nilimwachia muuzaji, la pili nikalipuuza. Na mambo ambayo karatasi haikuyajua, mdomo wa mto, matumbawe na kusi, mtu aliyeyajua alikuwa ameketi juu ya gogo mbele yangu tangu siku ya kwanza, nami nikamwona mzee asiyejua kusoma.

Mashua ile ya pili ilivua miaka tisa. Mzee hakuuona mwisho wake, alifariki kabla. Mjomba alipostaafu bahari, alikuwa bado na ile ramani, imejaa alama za kalamu ya mzee, imeloa na kukauka mara nyingi. Vijana watatu wa Pangani waliunda mashua zao kwa kuifuata, na kila mmoja aliongeza alama zake.

Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Wapo wanaodhani maana yake ni kukataa kila kitu cha kigeni. Sioni hivyo. Nyota ni ile ile juu ya bahari zote, lakini kila bandari huitazama kutoka mahali pake. Ramani ya mgeni si adui. Plaiwudi si adui, na katika pwani ambayo miti mikubwa imekwisha, huenda ikawa rafiki wa msitu kuliko shoka. Ubaya huanza pale tunapoichukua karatasi na kumwacha fundi, au tunapomshika fundi na kuikataa karatasi kwa kiburi.

Basi kijana wangu wa Feri, kama unanisikia, au kama gazeti hili limekufikia likiwa limefunga samaki, hili ndilo jibu lako. Itaelea, ukiichemsha plaiwudi yako kwanza na usimwamini muuzaji kwa kiapo. Itaelea, usipopunguza kitu ambacho ramani imekwambia usipunguze. Na kabla hujakata ubao wa kwanza, chapisha ramani hiyo kutoka kwenye simu, ipeleke kwa mzee mmoja anayeijua bahari yako, mwamkie, kisha mpe kalamu.

Nami nitakuja tena Feri Jumamosi. Nitakuomba radhi kwa kile kijembe, na ukinikaribisha nitakushikia upande mmoja wa ubao. Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, kwaherini.